Kitambaa Juu ya Kreti

Waliniweka kwenye mashine kwa sababu ya vidole vyangu, si kwa sababu ya kichwa changu. Mkuu wa maabara alinitamkia hivyo waziwazi, mbele ya watu, na maneno yale nilikaa nayo moyoni kwa muda mrefu kuliko alivyodhani.

Ilikuwa Mbeya, katika miaka ya sabini, kwenye maabara ndogo ya kilimo iliyokuwa na kazi moja kubwa: kutafuta namna bora ya kukausha maua ya pareto. Wakulima wa kule juu, wa Mbeya na wa Iringa kwetu, walikausha kila mtu alivyojua, huyu juani, yule kwa moto wa kuni. Maua yakipata joto kupita kiasi, ile dawa ya kuua wadudu iliyomo ndani yake hupungua, na mnunuzi huyakataa. Sisi tulitakiwa kuwapa jibu: joto liwe kiasi gani, na kwa saa ngapi. Mimi nilikuwa mchapaji. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha taipu, na kiti kilichopoteza mto wake kabla sijaajiriwa.

Mashine ililetwa na mtaalamu mmoja Mzungu, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukitamka kwa uangalifu. Lilikuwa kreti la chuma, ukubwa wake kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na ndani yake zilichomekwa kadi za umeme zilizosimama wima kwa safu, na feni ya kuzipoza chini yake. Kadi hii ilipima joto, ile ilihesabu muda, nyingine iliwasha na kuzima. Nafasi mbili za mwisho upande wa kulia zilikaliwa na kidhibiti, na kidhibiti ndicho kilichopokea amri za kompyuta na kuzifikisha kwa kila kadi. Kompyuta yenyewe haikuwa na kioo. Ilikuwa na swichi nyingi mbele na teleprinta pembeni. Unapiga herufi, utepe wa karatasi unatobolewa matundu, unaupitisha kwenye kisomeo, na kompyuta inajua la kufanya.

Aliyepangiwa mashine ile alikuwa bwana mmoja wa Kyela mwenye diploma. Alikuwa na akili, simnyimi haki yake, lakini alipiga herufi kwa kidole kimoja, akiitafuta kila moja kama mtu anayechambua mchele. Tepe zake zilijaa makosa. Wiki ya pili mkuu akachoka.

“Mpeni binti wa taipu apige,” alisema. “Tunataka vidole vyake tu. Kichwa atatoa huyu wa diploma.”

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, maana usipocheka unaambiwa una kiburi. Kiburi nilikuwa nacho, ila sikutaka wakijue mapema.

Sasa, mtu hawezi kupiga kurasa na kurasa za kitu bila kukisoma. Mwezi haujaisha nilikuwa nimeelewa kwamba amri ya kidhibiti ilikuwa namba tatu tu: nafasi ya kadi, mlango ndani ya kadi, na kazi ya kufanya. Nafasi ya tano, mlango wa pili, kazi sifuri: soma. Kadi ikiwa imemaliza kupima hurudisha ishara ya kuitika. Isipoitika, maana yake bado. Programu aliyotuachia mtaalamu haikuisubiri ishara hiyo. Iliamuru na kusoma hapo hapo, kadi ikiwa katikati ya kazi, ikaondoka na namba ya zamani. Ndiyo maana karatasi zetu zilionyesha joto linarudiarudia, kisha linaruka ghafla.

Kwetu Iringa mtoto akiingia nyumba ya watu kabla hodi yake haijaitikiwa, hurudishwa nje akaanze upya. Nikaona programu ya mtaalamu nayo irudishwe nje. Niliiandika upya kwa penseli nyuma ya karatasi zilizoharibika, wakati wa chakula cha mchana, wiki tatu mfululizo. Kila baada ya amri niliiwekea kusubiri. Kadi isipoitika, uliza tena. Isipoitika mara mia, andika kwamba imegoma, uende kwenye inayofuata. Nilipopitisha utepe wangu, namba zilishuka kwenye karatasi zikifuatana vizuri, joto likipanda polepole kama joto linavyopanda kweli.

Bwana wa Kyela alisimama nyuma yangu akazitazama kwa muda.

“Dada, umeifanya nini hii?”

“Nimeiambia isubiri kuitikiwa.”

Alikwenda kwa mkuu akamwambia programu mpya ni yangu. Angeweza kusema ni yake, na mkuu angemwamini mara moja. Mimi mkuu hakuniamini, wala hakubisha. Tangu siku hiyo mashine ilikuwa mikononi mwangu bila mtu yeyote kutamka kwamba nimepewa. Mtaalamu, aliyekuwa amesharudi kwao, aliandikiwa barua kwamba programu imerekebishwa. Barua niliichapa mwenyewe, na haikusema imerekebishwa na nani.

Mwezi wa sita nilipata likizo nikaenda nyumbani, Kihesa, Iringa. Mama alikuwa mtu wa kufunika vitu. Redio ilikuwa na kitambaa chake, chupa ya chai kitambaa chake, cherehani chake, na viti kila kimoja na cha kwake mgongoni, vyote vimedariziwa kwa mkono. Chombo cha thamani kisichofunikwa, kwake, kilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Baada ya kamwene, salamu ya kwetu, na habari zote za Mbeya, nilimweleza juu ya mashine. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na mnaifunikaga na nini?”

“Haifunikwi, mama.”

“Haifunikwi? Kitu cha serikali kinakaa uchi, vumbi linaingia, na wewe umekaa unakiangalia? Watu wa Mbeya watasema sikukufundisha.”

Nikakumbuka kwamba ukutani pale maabara mtaalamu mwenyewe alikuwa amebandika karatasi iliyosema vumbi ni adui wa mashine. Na Mbeya mwezi wa sita ni baridi na vumbi tu. Mama aliniomba vipimo nikampa kwa mikono, upana hivi, kimo hivi. Alidarizi siku zote za likizo yangu. Kilikuwa kitambaa kizito cheupe, chenye maua ya buluu pembeni, maua ya pareto, kwa sababu alisema pareto nyeupe juu ya kitambaa cheupe nani ataiona. Nilikibeba kwenye basi mapajani, nimekikunja ndani ya gazeti. Nilijisikia kama ninayerudi na cheti.

Nililifunika kreti juu na pande zote mbili, mbele nikaacha wazi ili taa zionekane. Mkuu alikuja kuangalia akaridhika sana. Alisema sasa maabara imekuwa na heshima.

Tulipima miezi miwili. Nyaya zetu zilitoka kwenye kreti zikapita dirishani hadi banda la kukaushia, ambako maua yalitandazwa kwenye matrei juu ya joto la kuni. Namba zilishuka safi, lakini zilikuwa za chini. Kila siku ikifika mchana zilionyesha banda halipati joto la kutosha, na kila siku mkuu aliagiza kuni ziongezwe. Mwishowe akaandika karatasi ya maelekezo kwa wakulima: moto unaotumika ni mdogo, ongezeni. Mimi ndiye niliyekata stensili yake, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala.

Kabla karatasi haijapigwa chapa, mtaalamu akarudi kukagua mashine yake. Aliingia, akaona kitambaa, akatabasamu mpaka masikio yakasogea. Alikiita kizuri sana. Alitoa kamera akakipiga picha, akaomba nisimame kando yake, nikasimama. Kisha akaenda bandani na kipimajoto cha zebaki, akakiweka kati ya maua, akarudi kusoma karatasi yetu. Ilikuwa mchana. Mashine ilikuwa nyuma ya zebaki kwa nyuzi sita.

“Nani aliibadilisha programu yangu?” aliuliza.

Macho yote yalikuja kwangu.

“Mchapaji?”

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. Alimweleza mkuu, pole pole, kwamba kosa litakuwa pale namba za umeme zinapogeuzwa kuwa nyuzi za joto, kwamba ni mahali pagumu, kwamba si vizuri kumlaumu binti. Mkuu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Programu ya zamani ingerudishwa Jumatatu, bwana wa Kyela angeshika mashine, na mimi ningerudi kwenye taipu. Yote hayo yaliamuliwa nikiwa nimesimama palepale, kama vile nimekwenda sokoni.

“Nipeni mpaka Jumatatu,” nikasema. “Kama kosa limo kwenye programu, nitawaonyesha mstari wenyewe, kisha nitaondoka bila kufukuzwa.”

Mtaalamu akatabasamu tena, akasema sawa. Ilikuwa Alhamisi.

Siku hiyo niliusoma utepe wangu wote kwa macho, tundu kwa tundu, nimeuinua kwenye mwanga wa dirisha. Haukuwa na kosa. Ijumaa nilichukua hesabu za kugeuza umeme kuwa joto, nikazifanya zote kwa mkono, penseli mbili zikaisha. Majibu yalikuwa yale yale ya mashine. Nilianza kuogopa, nasema kweli. Nilijiona nimerudi kwenye kile kiti, nikichapa barua za watu wengine mpaka nizeeke, na kila mgeni akija anaonyeshwa: yule pale aliwahi kujaribu.

Jumamosi nilifika mapema kuliko wote. Niliwasha mashine, nikaenda bandani kusoma zebaki, nikarudi. Zilikubaliana. Nikadhani nimesoma vibaya, nikaenda tena, zikakubaliana tena. Saa nne zilikuwa zimeachana kidogo. Saa sita, zile nyuzi sita zilikuwa zimerudi.

Nikakaa chini. Programu haina asubuhi wala mchana. Ingekuwa na kosa, ingekosea tangu saa mbili, ikakosea hivyo hivyo mpaka jioni. Kinachobadilika na saa ni joto.

Naomba nieleze kidogo, si vigumu. Waya wetu wa kupimia ulikuwa na ncha mbili. Moja ilikaa kwenye maua, nyingine ndani ya kreti. Haukupima joto la maua lenyewe, ulipima tofauti ya joto kati ya ncha hizo mbili. Hesabu zote, zangu na za mtaalamu, zilichukulia kwamba ndani ya kreti hali ni ile ile siku nzima. Basi ndani ya kreti kukipata joto, tofauti inapungua, na mashine inatangaza kwamba maua ni ya baridi, hata kama yanaungua.

Niliingiza mkono chini ya kitambaa. Kulikuwa na joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Feni ya kreti ilipuliza hewa juu, na hewa ilikuwa ikigonga kitambaa kizito cha mama na kurudi ilikotoka, siku baada ya siku, miezi miwili.

Nilikitoa. Nikasubiri mpaka saa tisa, nikaenda bandani, nikarudi. Zebaki na mashine zilikuwa sawa.

Hapo nilikasirika kama sijawahi kukasirika. Nilimkasirikia mama kwa kunipenda, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Halafu nikaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Sikuwa na shahidi, wenzangu walikuwa wameshaondoka. Ningekikunja, nikakiweka kwenye mkoba wangu, Jumatatu nikawaambia wapime tena. Wangepima, wangekuta mashine ni sahihi, mtaalamu angedhani alikosea kusoma kipimajoto chake, na mimi ningebaki mahali pangu na sifa juu yake.

Lakini stensili ilikuwa juu ya meza yangu. Ongezeni moto, ilisema. Mjomba wangu alikuwa na pareto kule juu Iringa, naye alikuwa mtu wa kutii karatasi ya serikali kuliko macho yake. Angeongeza moto. Angeunguza mavuno yake na ya majirani, kisha angekuja kuniuliza mimi mwenye kazi Mbeya imekuwaje. Niliichana ile stensili vipande vinne, kila kipande nikakichana tena.

Jumatatu niliingia ofisini kwa mkuu na kitambaa kimekunjwa mkononi. Mtaalamu alikuwepo, na bwana wa Kyela. Niliwaeleza kama nilivyoeleza hapa, ncha mbili, feni, kitambaa. Nilisema pia kwamba namba za miezi miwili zote ni za kutupa, na kwamba karatasi ya maelekezo haipo tena.

“Kitambaa ulileta wewe,” mkuu alisema.

“Nilileta mimi.”

“Kwa hiyo kosa ni lako.”

“Kosa la kitambaa ni langu, mzee. Programu haina kosa. Niliahidi kuwaonyesha mstari. Mstari haupo.”

Mtaalamu alikuwa akikitazama kitambaa. Nikamgeukia, na sikupunguza sauti.

“Na wewe bwana ulikiona. Umesoma mambo ya joto miaka mingi kuliko niliyokaa shule. Ulikipiga picha. Hukuuliza kinafanya nini juu ya feni kwa sababu ulikuwa unatafuta kosa kwangu, hukulitafuta kwenye kreti.”

Masikio yake yalikuwa mekundu.

“Ni kweli,” alisema mwishowe, kwa kile Kiswahili chake cha polepole. “Nilikiona tangu siku ya kwanza.”

Mkuu hakupenda mazungumzo yanavyokwenda. Aliinuka akafungua kabati, akatoa faili la mashine, ambamo kila wiki iliingizwa karatasi moja ya vipimo. Akachomoa fomu tupu ya kuripoti kosa, akaiweka mbele yangu. Chini palikuwa na mstari: aliyeandika programu.

“Kuna utaratibu,” alisema. “Kosa likitokea, linaandikwa. Jaza hapo, majina yako kamili.”

Nilijaza. Nilieleza kosa kwa sentensi tatu, nikaandika majina yangu yote kwa herufi kubwa. Kisha nikalivuta lile faili, nikalifungua mahali programu yangu ilipoanzia. Wiki ya kwanza ya programu yangu, na mstari ule ule chini yake: aliyeandika programu. Ulikuwa mtupu. Wiki ya pili, mtupu. Niligeuza karatasi zote. Miezi yote ile mashine inafanya kazi, hakuna aliyeona haja ya kuandika mtu pale.

Nikaanza kujaza.

“Unafanya nini, binti?”

“Najaza, mzee.”

“Hizo hazina kosa.”

“Hizo pia niliandika mimi.”

Akaniambia niache. Sikuacha. Niliandika jina langu, nikageuza, nikaandika, nikageuza. Nilipofika kwenye miezi miwili ya kitambaa niliandika jina hilo hilo, na juu ya kila karatasi nikaandika kwa kalamu nyekundu: isitumike. Bwana wa Kyela alisogea akaanza kunishikilia karatasi zilizojikunja. Mtaalamu alitazama nje dirishani. Mkuu alibaki amesimama kando ya kabati, funguo mkononi, akipima kama anipigie kelele mbele ya mgeni au afanye jambo lingine.

“Haya,” alisema baadaye, akiwa ameshalifunga kabati. “Kawashe mashine, muanze kupima upya.”

Nikamwambia asubiri, nilikuwa bado na karatasi tano.